Kamanda wa al-Qaeda aliyezama na MV Bukoba akiwa abiria wa kawaida

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KILA inapofika Mei 21, Igoma, kando ya barabara iendayo Musoma, hupokea wageni waliovaa nyuso za huzuni. Wanakwenda kwenye makaburi ya waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba, iliyozama katika Ziwa Victoria mwaka 1996. Wapo wanaojua kaburi la ndugu yao liko wapi. Wapo pia wanaosimama tu mbele ya mnara wa kumbukumbu na kuomba dua, kwa sababu hawakupata mwili wa kuzika.

Meli ile ilibeba wafanyabiashara wa ndizi, wanafunzi, watumishi wa serikali, akina mama na watoto wao. Ilibeba pia, katika daraja la pili, mwanamume wa Kiarabu mwenye umri wa miaka 40 na ushei, ambaye wenzake wa safari hawakuwa na sababu ya kumtazama mara mbili. Hakuna aliyejua kwamba huyo alikuwa kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda na mtu wa pili kwa Osama bin Laden.

Dunia ilimfahamu kwa jina la Abu Ubaidah al-Banshiri. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake, wala halikuwa jina alilolitumia Afrika Mashariki. Maisha yake yalikuwa safari ya kubadili majina, na mwisho wake ulitokea ndani ya meli ambayo sehemu kubwa ya abiria wake hawakuandikwa majina kabisa.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ali Amin al-Rashidi. Alizaliwa Misri mwaka 1950, wakati nchi hiyo ikiwa bado chini ya mfalme. Alikuwa mtoto mdogo Gamal Abdel Nasser na maofisa wenzake walipotwaa madaraka mwaka 1952, na alikuwa kijana Misri iliposhindwa vibaya na Israel katika vita vya mwaka 1967. Vijana wengi wa rika lake walilichukulia pigo hilo kama aibu ya taifa zima, na kila mmoja akatafuta tiba yake. Baadhi walikwenda kwenye siasa, baadhi kwenye dini, na wachache wakaishia kwenye vikundi vya siri.

Al-Rashidi alijiunga na jeshi la polisi. Kwa wanaoijua habari yake kuanzia mwisho, hilo ni jambo la kushangaza: mtu aliyekuja kusakwa na vyombo vya usalama alianza kazi akiwa ndani ya vyombo hivyo. Huko alijifunza nidhamu ya amri, matumizi ya silaha na namna wapelelezi wanavyofikiri. Elimu hiyo aliitumia baadaye dhidi ya wale waliomfundisha.

Oktoba 6, 1981, Rais Anwar Sadat aliuawa kwa risasi jijini Cairo akiwa anatazama gwaride la kijeshi. Mmoja wa waliopatikana na hatia na kunyongwa kwa mauaji hayo, Abdel Hamid Abdel Salam, alikuwa shemeji yake al-Rashidi, aliyemwoa dada yake. Serikali iliwakamata watu kwa maelfu, naye akawa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Alipoachiwa hakuwa tena na nafasi katika kazi yake, wala hakuwa na sababu ya kubaki Misri.

Mwaka 1983 alikwenda Afghanistan, ambako jeshi la Kisovieti lilikuwa limeingia tangu Desemba 1979. Maelfu ya vijana kutoka nchi za Kiarabu walikuwa wakimiminika huko kupitia mji wa Peshawar, nchini Pakistan. Wengi wao walikuwa na shauku bila ujuzi wa vita. Polisi huyu wa zamani alikuwa na vyote viwili, na hakuchukua muda mrefu kupanda ngazi.

Huko ndiko alikopata jina lililodumu. Alipigana katika bonde la Panjshir, na kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya herufi "p", wenzake walimwita al-Banshiri, yaani mtu wa Panjshir. Neno Abu Ubaidah liliwekwa mbele kwa desturi ya Waarabu ya kumwita mtu kwa jina la heshima. Ali Amin al-Rashidi akapotea, na Abu Ubaidah akazaliwa.

Katika mwaka 1987 alikuwa mmoja wa viongozi wa mapigano ya Jaji, karibu na mpaka wa Pakistan, ambako kikosi kidogo cha wapiganaji wa Kiarabu kilikabiliana na jeshi la Kisovieti na washirika wake. Kwa kipimo cha vita nzima yalikuwa mapigano madogo. Lakini yalimpa sifa tajiri mmoja kijana kutoka Saudi Arabia, Osama bin Laden, na yakamfunga kwake Abu Ubaidah kwa kifungo ambacho kilikatwa na kifo tu.

Agosti 1988 kundi dogo la watu lilikutana Peshawar kujadili nini kifanyike baada ya Wasovieti kuondoka. Katika mikutano hiyo ndipo al-Qaeda ilipoanzishwa, na Abu Ubaidah alikuwamo. Akawa kamanda wake wa kijeshi, akisaidiwa na Mmisri mwenzake, Mohammed Atef. Bin Laden alikuwa na fedha na jina, ilhali hawa wawili walikuwa na uzoefu wa kupanga watu na kambi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi hilo lilihamia Sudan, ambako serikali ya wakati huo ililipokea. Bin Laden alifungua makampuni ya ujenzi na kilimo jijini Khartoum. Kutoka hapo, macho ya kamanda wake yaligeukia kusini, kwenye nchi zetu.

Sababu zilikuwa za wazi. Somalia ilikuwa imebaki bila serikali tangu kuanguka kwa Siad Barre mwaka 1991. Kenya ilikuwa na benki, viwanja vya ndege na bandari ya Mombasa. Tanzania ilikuwa nchi ya amani, yenye mipaka mirefu na watu wakarimu, ambamo mgeni mwenye nguo safi na salamu nzuri hakuulizwa maswali mengi. Mashtaka yaliyofunguliwa New York mwaka 1998 yalidai kwamba al-Qaeda ilipeleka watu Somalia kuwafundisha wapiganaji waliopinga majeshi ya Umoja wa Mataifa na Marekani, na jina la Abu Ubaidah lilitajwa humo.

Kwa njia hiyo kiota kilijengwa Afrika Mashariki, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Mpalestina Mohamed Sadiq Odeh alifika Mombasa mwaka 1994 na kuanza biashara ya samaki kwa mashua iliyotolewa na kundi hilo. Wadih el Hage, raia wa Marekani mwenye asili ya Lebanon aliyekuwa katibu wa Bin Laden, alihamia Nairobi mwaka huo huo na kuendesha shirika la misaada pamoja na biashara ya vito. Mcomoro Fazul Abdullah Mohammed, aliyejulikana pia kama Harun, aliishi nyumbani kwa el Hage. Kwa jirani aliyewatazama kutoka ng'ambo ya ua, hawa walikuwa mvuvi, mfanyabiashara na kijana mpole wa Kiswahili safi.

Abu Ubaidah mwenyewe aliishi kwa namna hiyo hiyo. Kwa baadhi ya watu alikuwa Jalal. Kwa wengine alikuwa Adel Habib. Alijitambulisha kama mfanyabiashara mwenye shughuli za madini, jambo lisilomtilia mtu shaka katika ukanda wa ziwa wenye dhahabu. Alioa katika familia ya Kikenya, akawa mkwe wa watu, akala nao na kusafiri nao. Hiyo ndiyo ilikuwa ngao yake kubwa: undugu wa kweli uliojengwa juu ya jina lisilo la kweli.

Mei 1996 mambo yalianza kumharibikia bwana wake. Sudan, ikibanwa na Marekani, Misri na Saudi Arabia, ilimtaka Bin Laden aondoke. Mei 18 aliondoka Khartoum kwa ndege na kurudi Afghanistan. Fedha zilikuwa zimepungua, wafuasi wametawanyika, na kamanda wake alikuwa mbali, kwenye fukwe za Ziwa Victoria.

Siku mbili baadaye, jioni ya Jumatatu Mei 20, Abu Ubaidah alipanda MV Bukoba akiwa pamoja na shemeji yake, ndugu wa mke wake. Walikuwa na nafasi katika daraja la pili.

MV Bukoba ilikuwa mali ya Shirika la Reli Tanzania (TRC). Ilikuwa imeundwa mwaka 1979 na ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430 na tani 850 za mizigo. Kwa watu wa Kagera, meli haikuwa anasa. Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa mbaya na ndefu, na kila aliyetaka kupeleka ndizi, kahawa au mgonjwa Mwanza aliitegemea meli ya usiku. Ikiondoka Bukoba ilipitia bandari ya Kemondo kuongeza abiria na shehena, kisha ikakata maji hadi alfajiri.

Usiku ule ilipokea watu kupita kiasi. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilionyesha abiria 443, idadi ambayo peke yake ilizidi uwezo wa meli. Daraja la tatu, lililokuwa la wengi, halikuwa na orodha. Mtu alinunua tiketi, akapanda na kutafuta pa kuketi. Kama angeshuka salama asubuhi, hakuna ambaye angehitaji kujua jina lake.

Asubuhi ya Jumanne Mei 21, meli ikiwa imeshakaribia Mwanza, ilianza kuyumba, ikalala ubavu, na hatimaye ikapinduka. Hapakuwa na dhoruba. Meli iliyojazwa kupita uwezo wake, na ambayo uthabiti wake majini ulikuwa umelalamikiwa kabla ya siku hiyo, ilishindwa kujirudisha ilipoinama.

Meli inapopinduka, kila kitu ndani yake hugeuka. Sakafu inakuwa dari, na mlango uliokuwa mbele ya mtu unakuwa juu ya kichwa chake. Ngazi haipandiki tena. Magodoro, mabegi na vitanda vinaporomokea upande mmoja pamoja na watu, na maji yanaingia kwa nguvu kupitia kila tundu. Ndani ya chumba cha daraja la pili, Abu Ubaidah na shemeji yake walikumbana na hali hiyo. Shemeji alifanikiwa kutoka. Mwaka 2001 alisimama mbele ya mahakama jijini New York na kueleza namna ndugu yake alivyobaki ndani.

Mtu aliyepita katika vita vya Afghanistan na msako wa polisi wa Misri alikufa akiwa anapapasa gizani kutafuta mlango, kama walivyokufa mamia ya watu wasio na hatia waliomzunguka.

Kwa saa kadhaa meli haikuzama moja kwa moja. Ilielea ikiwa imepinduka, tumbo likitazama mbingu, kwa sababu hewa ilikuwa imenaswa ndani. Waokoaji waliofika walisikia watu wakigonga vyuma kutoka ndani. Vifaa vilikuwa haba na wataalamu hawakuwapo. Uamuzi ukafikiwa wa kutoboa tumbo la meli ili watu watolewe kupitia hapo.

Nia ilikuwa njema, lakini kanuni za maji hazijali nia. Hewa ile iliyonaswa ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu, na ndiyo waliyokuwa wakiivuta waliokuwa hai ndani yake. Tundu lilipopatikana, hewa ilitoka kwa kishindo, maji yakapanda kuchukua nafasi yake, na meli ikashuka chini hadi kwenye kina cha takriban mita 25. Kugonga kukakoma.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya wapiga mbizi. Tanzania iliwatumia wanajeshi wake wa majini, na wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini walikuja kusaidia. Kina cha mita 25 hakionekani kikubwa kwenye karatasi, lakini kwa anayeshuka ndani ya meli iliyopinduka ni ulimwengu mwingine.

Katika kina hicho mwili hubanwa na mgandamizo unaokaribia mara tatu na nusu ya ule wa juu ya maji. Naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi huyeyuka ndani ya damu, na mpiga mbizi akipanda kwa haraka hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa, ikiumiza viungo na hata kuua. Ziwa Victoria lina ugumu wake wa ziada: lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo mahesabu ya muda yanayotumika baharini hayawezi kufuatwa kama yalivyo. Muda wa kukaa chini unapungua, na wa kupanda polepole unaongezeka.

Juu ya hayo yote kuna giza. Maji ya ziwa hili yana tope na mimea midogo ya kijani, na mwanga wa jua hufifia mapema. Ndani ya korido za meli mwanga haupo kabisa. Mpiga mbizi hushika kamba aliyoifunga nje, hupapasa kwa mkono mmoja na kuhesabu milango ambayo sasa iko kichwa chini. Anachokipapasa si dhahabu wala sarafu za kale kama katika hadithi za meli zilizozama. Ni mkono wa mtoto, ni khanga, ni begi la shule.

Waliifanya kazi hiyo kwa siku kadhaa na kuitoa miili mingi, lakini hawakuweza kuitoa yote. Meli yenyewe haikuinuliwa. Imebaki chini ya ziwa hadi leo, na kwa familia nyingi ndiyo kaburi.

Miili iliyopatikana ilipelekwa katika Uwanja wa Nyamagana, katikati ya Mwanza, ili ndugu waitambue. Joto la Mwanza na muda ambao miili ilikaa majini vilifanya utambuzi uwe mgumu kila siku iliyopita. Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa na miezi michache tu madarakani, alitangaza siku tatu za maombolezo. Waliokosa wa kuwatambua, pamoja na wengine wengi, walizikwa Igoma.

Waliokoka watu zaidi ya 100. Waliokufa mara nyingi hutajwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu hutofautiana kwa sababu ile ile ya tangu mwanzo: orodha kamili haikuwapo.

Wakati Mwanza ikizika, watu wawili walifika katika eneo la ziwa wakiwa na swali moja. Walikuwa Wadih el Hage na Fazul Abdullah Mohammed. Al-Qaeda ilitaka uhakika kwamba kamanda wake amekufa kweli, kwamba hakukamatwa wala hakuuawa kwa njama. Miongoni mwa mamia ya jamaa waliokuwa wakiuliza habari za ndugu zao, wawili hawa hawakuonekana tofauti. Fazul aliandika taarifa ya alichokigundua na kuipeleka kwa wakubwa wake.

Nafasi ya Abu Ubaidah ilichukuliwa na Mohammed Atef, aliyeishikilia hadi alipouawa kwa shambulio la ndege nchini Afghanistan Novemba 2001. Lakini mtandao alioujenga haukuzama pamoja naye.

Agosti 1997 polisi wa Kenya na maofisa wa Marekani waliipekua nyumba ya el Hage jijini Nairobi na kuchukua kompyuta. Ndani yake kulikuwa na maandishi kuhusu kuzama kwa Abu Ubaidah. Mwezi uliofuata, el Hage alihojiwa chini ya kiapo jijini New York. Miongoni mwa maswali aliyoulizwa ni hatima ya Abu Ubaidah, na majibu yake yalikuja kumgharimu, kwani baadaye alishtakiwa pia kwa kusema uongo mbele ya baraza la mashtaka.

Hivyo, mwaka mmoja kabla ya msiba mwingine, ajali ya MV Bukoba ilikuwa imeacha alama ambayo ingeweza kufuatwa. Majina yalijulikana, anuani zilijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaunganisha yote kwa wakati.

Agosti 7, 1998, asubuhi ya Ijumaa, mabomu mawili yalilipuka kwa kupishana dakika chache katika balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam watu 11, na maelfu walijeruhiwa, wengi wakipoteza macho kwa vioo vilivyopasuka. Idadi kubwa ya waliokufa walikuwa Wakenya na Watanzania, watu waliokuwa kazini, ndani ya mabasi au wakipita njia.

Mei 2001 mahakama ya New York iliwatia hatiani watu wanne: el Hage, Odeh, Msaudi Mohamed al-Owhali na Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed. Oktoba mwaka huo walihukumiwa kifungo cha maisha. Fazul aliendelea kukwepa kwa miaka mingi hadi alipouawa katika kizuizi cha barabarani jijini Mogadishu, Juni 2011. Ni katika kesi hiyo ya New York ndipo watu wengi walipotambua kwa mara ya kwanza kwamba katika ziwa letu alikuwa amefia mtu kama huyo.

Ipo hatari ya kuifanya habari ya Abu Ubaidah kuwa kubwa kuliko ajali iliyomchukua. Wapo waliokuwa tayari kudhani kwamba meli ilizamishwa kwa ajili yake, dhana ambayo huvutia kwa sababu humpa msiba mtu wa kumlaumu aliye mbali. Ukweli ni mchungu zaidi. Meli ilizama kwa sababu ilipakiwa kuliko uwezo wake na ikaruhusiwa kuondoka. Maofisa tisa wa TRC, akiwamo nahodha, walifikishwa mahakamani kuhusiana na ajali hiyo.

Kile ambacho maisha yake yanatuonyesha ni kitu kingine. Chombo kisichoandika majina ya abiria wake kinamfaa sana mtu asiyetaka kujulikana. Kinampitisha bila swali. Lakini chombo hicho hicho kinapozama, kinamfuta pia mama wa Muleba aliyekuwa akienda kumwona binti yake, na mwanafunzi aliyekuwa akirudi shule. Abu Ubaidah alichagua kuishi bila jina la kweli. Hawa hawakuchagua. Na yeye, kwa kejeli ya mambo, alikuwa na kundi lililotuma watu kuhakiki kifo chake, huku familia nyingi masikini zikiwa hazina hata nauli ya kufika Nyamagana.

Somo hilo halikushika haraka. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 wakafa. Wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini walikuja tena, lakini kina na mikondo ya bahari eneo lile viliwashinda. Julai 18, 2012, MV Skagit nayo ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe.

Septemba 20, 2018 zamu ilirudi Ziwa Victoria. Kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara na kuua watu 228. Kwa mara nyingine idadi ya waliopanda haikufahamika mara moja, maana aliyekuwa akikatisha tiketi alikufa na mashine yake ikapotea majini.

Hata hivyo, safari hii palikuwa na jambo moja la kutia moyo. Kivuko kilibaki kimeelea kichwa chini, kama MV Bukoba ilivyokuwa asubuhi ile ya mwaka 1996. Wapiga mbizi waliingia ndani kupitia majini, wakafuata sauti ya kugonga, na siku mbili baada ya ajali wakamtoa fundi wa kivuko akiwa hai, aliyekuwa amejihifadhi katika chumba chenye hewa iliyonaswa. Hewa ile iliyopotezwa mwaka 1996, mwaka 2018 iliokoa maisha ya mtu.

Hilo linathibitisha kwamba mambo ya uokoaji hujifunzwa, na kwamba gharama ya kujifunza imekwisha kulipwa na waliolala Igoma. Kilichobaki ni jambo rahisi kuliko kupiga mbizi: karani wa bandarini, kalamu na orodha yenye jina la kila anayepanda, wa daraja la kwanza na wa daraja la tatu, pamoja na ujasiri wa kufunga lango idadi inapotimia.